Mwaka Niliofua Vitambaa vya Altare

Tulipomzika Mama Perpetua mwaka jana, aliyesoma wasifu wa marehemu alikuwa kijana mmoja wa halmashauri ya walei, mwenye sauti nzuri, na alisoma vizuri. Alisema marehemu alilitumikia kanisa letu tangu lilipokuwa na kuta za matofali ya udongo na mabati ya kuokoteza. Alisema alifua, alifagia, alipamba maua, alipika siku za mavuno na siku za kipaimara. Halafu akasema kuwa marehemu hakujaliwa kuolewa wala kupata mtoto, akageuza karatasi, akaendelea na habari za ugonjwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, miguu imevimba kwa safari ya basi kutoka Dodoma, na niliangaza huku na huku nione kama kuna mtu aliyeshtuka. Sikumwona. Waliokuwa wanajua wengi wamekwisha kufa, na wachache waliobaki labda waliona kunyamaza ndiyo heshima. Msibani huwezi kusimama katikati ya wasifu ukasema jamani, huyu mama alikuwa na mume. Lakini alikuwa naye. Nilikula nyumbani kwake mwaka mzima, na ndiyo maana leo, nikiwa na mvi zangu na wajukuu wawili, nimeona nisimulie mwaka ule.

Habari za kwetu Nansio na sababu za kuja Mwanza nitaziacha, maana zinafanana na za wengi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimepata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na nimepanga chumba Buzuruga, nyuma ya stendi. Dirisha la chumba lilitazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ningeweza kuugusa. Asubuhi nilikuwa naamshwa na wapiga debe wakiita Bunda, Musoma, Tarime, na kuna siku nyingi ambazo hizo ndizo sauti za kwanza na za mwisho nilizosikia zikimwita mtu, ingawa hazikuwa zinaniita mimi. Kiwandani tulivaa makoti meupe, mabuti ya mpira na vitambaa mdomoni, tukasimama kwenye baridi mbele ya meza ndefu, mashine zikiunguruma, na kwa sababu ya kelele hatukuwa tunazungumza. Niliweza kusimama karibu na mwanamke mmoja mwezi mzima bila kujua sura yake chini ya macho ikoje. Jioni nilinunua mapanki, yale mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa, nikayachemsha kwa nyanya, nikala ugali nikiwa nimekaa kitandani kwa sababu kiti sikuwa nacho. Nilijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikauma, lakini harufu ya samaki na dawa ya kiwandani haikutoka. Kanisani niliona jinsi watu walivyoacha nafasi kati yao na mimi kwenye benchi. Hawakuwa na nia mbaya. Mtu husogea kidogo tu, hata yeye hajijui kwamba amesogea.

Jumapili moja ya Kwaresima paroko alihubiri kuhusu zaka. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kukohoa kila baada ya sentensi mbili. "Mnafikiri zaka ni bahasha," alisema. "Unatia bahasha kwenye kapu, unarudi nyumbani umemalizana na Mungu. Je, na wiki nzima aliyokupa? Na mikono? Mrudishie hata asubuhi moja." Watu waliitikia kwa vichwa kama wanavyoitikia siku zote. Mimi siku yangu ya mapumziko ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku niliyoiogopa kuliko zote, kwa sababu ilikuwa ndefu na haikuwa na mtu. Baada ya misa nikaenda kwa katekista kujiandikisha. Nikisema nilisukumwa na imani nitakuwa naongeza chumvi. Nilitaka tu mahali ambapo nisipofika, mtu atauliza yuko wapi Anastazia.

Katekista akanielekeza nyuma ya sakristia, kile chumba cha mavazi na vyombo vya misa. Kulikuwa na ua mdogo, bomba la maji, mabeseni, na jiwe moja kubwa la Mwanza ambalo mafundi waliojenga kanisa walishindwa kulivunja, wakajenga ukuta kulizunguka. Juu ya jiwe lile, likishapata jua, ndipo walipokuwa wanaanika vitambaa vikubwa vya altare. Mama mmoja mnene, mfupi, amejifunga khanga kiunoni, alikuwa amepiga goti akikamua kitambaa cheupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Nimekuja kusaidia."

Alinitazama mikono kwanza, sio uso. Mikono yangu ilikuwa na makovu ya visu. "Unafanya kiwandani," alisema. "Basi baridi huogopi. Kaa hapo." Akanisogezea beseni, akanisogezea na kigoda, na kigoda hicho alikiweka karibu na chake, magoti yetu yakagusana. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kukaa karibu nami namna ile, na nakumbuka nilijifanya natafuta sabuni ili asinione uso.

Alikuwa Msukuma wa Usagara, nje kidogo ya mji, na aliniambia taratibu za kazi kama mtu anayemfundisha mwanae kupika. Vile vitambaa vidogo vya kufutia kalisi, kikombe cha divai ya misa, paroko alivisuuza kwanza yeye mwenyewe, maji yale akayamwaga kwenye mizizi ya maua, kwa kuwa vimegusa Damu ya Bwana. Kisha ndipo anatuletea. Tulifua kwa sabuni ya mche, tukachovya kwenye uji mwepesi wa muhogo ili viwe vigumu, tukaanika, tukapiga pasi ya mkaa ndani ya chumba cha sakristia kilichokuwa kinanukia nta na ubani. Alivikunja mara tatu kwa urefu na mara tatu kwa upana, akivilaza kimoja juu ya kingine kwenye droo kana kwamba analaza watoto. Sikuwa nimewahi kuona mtu anashika kitu kwa mapenzi namna ile.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilikwenda kukaa naye. Alikuwa anakaa benchi la mwisho kabisa, upande wa mlango. Wakati wa komunyo watu wakapanga mstari, nami nikainuka, nikasubiri ainuke. Akavuta magoti pembeni ili nipite. Nikadhani hakujiandaa siku hiyo. Jumapili iliyofuata tena akavuta magoti. Ikawa hivyo Jumapili zote, mimi nikipita mbele ya magoti yake nikienda kupokea juu ya vitambaa alivyovifua yeye. Sikuuliza. Katika Ukatoliki wetu mtu asiyekomunika hahitaji kuulizwa, kila mmoja anajua kwamba kuna jambo nyumbani.

Jambo lenyewe nililiona baada ya Pasaka, aliponiambia, "Leo twende ukale kwangu, unakonda kama mapanki yako." Nyumba yao haikuwa mbali na stendi. Barazani kulikuwa na cherehani, na nyuma ya cherehani mzee mrefu mwenye baraghashia, miwani imefungwa uzi upande mmoja, anashona kitambaa chekundu. Nilipotazama vizuri nikaona ni kanzu ndogo, za watoto wanaotumikia altareni, tatu zimekwisha kutundikwa kwenye msumari.

"Huyu ndiye Anastazia," Mama Perpetua alisema. "Na huyu ni Fundi. Mume wangu."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Karibu. Pepetua amekusema mpaka nimekufahamu." Jina la mkewe alilitamka hivyo, bila r, na mkewe naye alimwita Fundi kama wateja wanavyomwita. Jina lake lilikuwa Shabani. Wazee wake walikuja Mwanza kutoka Tabora zamani, wote washonaji. Tulikula kwenye mkeka chumba cha ndani, ugali wa muhogo, sato wa kuchemsha na mlenda, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Chumba kilikuwa na kitanda cha besera, sanduku, na ukuta mmoja ulikuwa na picha ya Bikira Maria, ukuta wa pili maandishi ya Kiarabu kwenye fremu, vikitazamana. Mzee alimnawisha mkewe mikono kwanza, halafu mimi, halafu yeye. Nikamuuliza, kwa upumbavu wa ujana, kanisa linamlipa kiasi gani kwa kanzu zile.

Akacheka. "Kanisa lenyewe hata halijui ni nani anayeshona. Mimi nashona kazi ya mke wangu. Angekuwa anauza vitumbua ningemtengenezea kibanda. Yeye anatumikia kanisa, basi nashona kanisa."

Baadaye tukiosha vyombo uani, Mama Perpetua aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, akisugua sufuria kwa majivu. Walioana mbele ya shehe na mashahidi alipokuwa binti kama mimi. Fundi alimwambia tangu siku ya kwanza kwamba ana mke Tabora, hajamwacha na hatamwacha, kwa kuwa hajamkosea kitu. Kwa dini yake hilo halina tatizo. Kwa yetu, huyo alikuwa mume wa mtu. "Kwa hiyo mimi ni mke huku," alisema akionyesha barazani, "na kule sio mke." Alionyesha upande wa kanisa kwa kidole chenye majivu. "Kila Pasaka namwomba Mungu jambo moja, anijalie siku moja nami niende mbele. Hata mara moja kabla sijafa."

Tangu hapo nikawa nakula kwao kila Alhamisi. Nikiukumbuka mwaka ule sasa, naona kwamba Alhamisi zile ndizo zilizoniweka hai, lakini sitaki kusema kwamba upweke uliisha. Ulibadilika tu. Nilikuwa natoka pale nimeshiba, nimechekeshwa, narudi kwenye dirisha langu lililotazama ukuta, na kimya kikawa kizito zaidi kwa sababu sasa nilikuwa na cha kukilinganisha nacho. Na kidogo kidogo nikaanza kuuona upweke wa Mama Perpetua pia, ambao watu hawakuuona kwa sababu alikuwa na kazi nyingi na alicheka kwa sauti. Siku ya sherehe ya mavuno tulipika tangu alfajiri, wali wa kanisa zima. Nilipokwenda kuchota maji nikawasikia kina mama wawili nyuma ya tangi, viongozi wetu, wanajadili uchaguzi wa chama cha kina mama.

"Kazi zote anafanya Perpetua," mmoja alisema. "Tumpe hata uweka hazina."

"Tutampaje? Anatumikia, ila hapokei."

"Kweli. Watasema tunahalalisha."

Niligeuka, nikamwona Mama Perpetua amesimama nyuma yangu na ndoo. Alikuwa amesikia. Aliinua ndoo akaniambia, "Moto unaunguza wali, Anastazia," akarudi jikoni mbele yangu. Uchaguzi ulipofanyika alipiga makofi kuliko wote.

Maneno mengine niliyasikia nikipiga pasi. Mlango kati ya sakristia na ofisi ya paroko haukuwa unafunga vizuri. Paroko ndiye aliyemwita Mama Perpetua, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Perpetua, nimeandika mpaka kwa Askofu. Mimi sina mlango mwingine wa kukufungulia. Una dada Usagara. Ukikaa kule, ukawa mbali naye, nitakupa kitubio hata leo."

"Na yeye, Baba?"

"Yeye ana mke wake."

"Mke yuko Tabora. Macho ya Fundi yanakufa, Baba. Siku hizi uzi namtungia mimi. Nikienda Usagara, uzi atatungiwa na nani?"

Paroko akakohoa kwa muda mrefu. "Sijui," alisema mwishoni. "Kweli sijui."

"Basi acha niendelee kufua."

Alitoka, akachukua pasi mkononi mwangu, akasema naunguza kitambaa. Kilikuwa hakijaungua.

Mwaka ule Ramadhani iliisha wiki chache kabla ya Noeli. Mama Perpetua alipika futari kila jioni, viazi vitamu vya nazi na uji wa pilipili manga, na Alhamisi nilifuturu nao. Fundi alikuwa amepungua mno, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kanzu, lakini alikataa kuacha kufunga. Kumi la mwisho alianguka chooni alfajiri, na kabla ya adhuhuri alikuwa amefariki hospitalini. Walimzika jioni hiyo hiyo. Wanawake hatukwenda makaburini. Ndugu zake walikuja, wakatandika mkeka chumbani kwa ajili ya mfiwa, wakaambiana mke mkubwa amepigiwa simu na atafika kesho kwa treni. Mkeka ukabaki mtupu ukimsubiri. Hakuna aliyemfukuza Mama Perpetua, ila kila alipotaka kukaa alikuta anaombwa kitu, mara sukari iko wapi, mara vikombe viko wapi, mpaka akajikuta jikoni anachochea kuni kwenye msiba wa mume wake. Kutoka parokiani walikuja watu wanne. Walikaa karibu na mlango, wakainuka mapema.

Bi Mwajuma, yule mke mkubwa, alifika siku ya pili, mwanamke mkongwe kuliko nilivyotarajia, amejitanda nguo nyeupe, anatembelea fimbo. Walimwongoza mpaka kwenye mkeka. Hakukaa. Alisimama akiuliza, "Mwenzangu yuko wapi?"

"Yuko jikoni, bibi."

"Jikoni anafanya nini mtu aliyefiwa? Mimi Shabani nilimzika siku nyingi moyoni mwangu, nimekuja kutimiza tu. Mleteni."

Wakamleta, mikono imejaa masizi. Bi Mwajuma alimvuta akamketisha kando yake, akachukua ncha ya nguo yake nyeupe akamfunika nayo kichwa. Ndipo Mama Perpetua akalia. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilia, na ilikuwa sauti ndogo, ya mtoto.

Bi Mwajuma alipoondoka alimwelekeza Mama Perpetua jinsi ya kukaa eda, naye akakaa, miezi minne na zaidi, haendi sokoni, haendi kanisani, kwa heshima ya mumewe. Wapwa wa marehemu walikuja kuchukua cherehani, baraza likabaki na alama nne za miguu yake kwenye sakafu. Alhamisi nilifua peke yangu nyuma ya sakristia, kisha nikaenda kukaa naye. Parokiani walianza kusema Perpetua amesilimu. Paroko alikuja siku moja nikiwepo, akapokea chai, akakishika kikombe bila kunywa.

"Perpetua," alisema polepole, "ule mlango sasa umefunguka. Ukiwa tayari."

Mama Perpetua alimtazama. "Umefunguka vipi, Baba?"

Paroko aliinamisha kichwa akitazama zile alama kwenye sakafu, asijibu, na mpaka leo nampenda kwa kutojibu.

Alimaliza eda karibu na Pasaka. Aliungama Jumamosi Kuu, na Jumapili, misa ya kwanza, alivaa gauni jeupe alilowahi kushonewa na Fundi. Watu walipopanga mstari aliinuka, nami nikamfuata nyuma. Kina mama wa mbele waligeuka, wengine wakaanza kutabasamu, mmoja akafuta machozi. Nilimwona akiinua uso kupokea, nikaona mabega yake yakishuka. Alirudi, akapiga magoti, hakulia. Baada ya misa walimzunguka wakampigia vigelegele, wakamkumbatia. Walipotawanyika tukatembea naye kurudi nyumbani, mpaka tulipofika kwenye kona ya stendi. Nikamuuliza alijisikiaje.

"Miaka yote nilikuwa naomba siku hii," alisema. "Sikumuuliza Mungu angeitoa wapi."

Nyumbani aliwasha moto. Alipika, tukala wawili.

Baada ya Pasaka ile wakampa nafasi mbele, benchi la viongozi, hata mto wa kupigia magoti waliuandaa. Mimi nilikuwa najiandaa kuondoka, kiwanda kimepunguza watu na nimepata kazi Dodoma, na Jumapili yangu ya mwisho nilifika nikamtafuta mbele nisimwone. Alikuwa nyuma, benchi lile lile, kando ya mlango. Nilijibana karibu naye nikamnong'oneza kwa nini hakai kwenye nafasi yake sasa.

"Huku nyuma kuna watu," alisema.

Nilidhani anatania. Ila wakati wa komunyo, watu walipotoka kwenye mabenchi yote na kanisa likawa na mistari, nikageuka nikatazama, na kweli walikuwapo, wamebaki wamekaa. Mwanaume mwenye mabuti kama ya kiwandani kwetu, kofia imelala gotini. Wanawake wawili wanaotazama sakafu. Msichana mdogo mwenye mtoto mchanga mgongoni, amejibana ukutani ili asimzuie mtu kupita. Mwaka mzima nilikuwa nimepita mbele ya magoti ya watu wale nikiona magoti ya Mama Perpetua peke yake. Yeye alikwenda, akapokea, akarudi, na badala ya kukaa kando yangu akapita mpaka mwisho wa benchi, akakaa karibu na yule msichana, magoti yao yakagusana. Kwaya ilikuwa inaimba, lakini nilimsikia akiuliza mtoto anaitwa nani.